Bei Ambayo Mgeni Hakuisoma

Kwa miaka kumi na saba kalamu haikutoka mkononi mwa mpokezi wa hoteli kabla mgeni hajasoma bei kwa sauti. Hiyo ilikuwa kanuni yake. Mgeni akifika kaunta alipewa fomu ya kuingia, lakini kalamu ilibaki kwa mpokezi. "Soma kwanza," alimwambia, huku ameweka kidole chini ya mstari wa bei. Wengine walicheka, wengine walinuna, wengine walitazama saa kama wanaochelewa ndege, lakini walisoma. Mgeni akishasoma ndipo kalamu ilipovuka kaunta. Wafanyakazi wenzake wakampachika jina la Soma Kwanza, na jina likashika mpaka nje, hata fundi wa friji akipiga simu alisema, "Nipe Bi Soma Kwanza."

Kanuni ilizaliwa na aibu. Katika mwezi wake wa kwanza kazini aliandika bei isiyo sahihi kwenye fomu, mgeni akasaini bila kutazama, na siku ya kuondoka wakagombana mbele ya watu. Mwenye hoteli wa wakati ule, mfanyabiashara wa mbao aliyeijenga kwa jasho lake, alimrudishia mgeni pesa zake. Kisha akamwambia mpokezi kwamba saini ya mtu asiyesoma ni mkwaruzo tu wa kalamu, na kwamba hoteli yake haiishi kwa mikwaruzo. Hakumkata mshahara. Mpokezi alilikumbuka lile neno kuliko ambavyo angekumbuka kukatwa.

Hoteli ilikuwa ya ghorofa tatu, vyumba ishirini na sita, na lifti iliyofanya kazi kwa hiari yake. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na lango la hospitali kubwa, kwa hiyo nusu ya wageni walikuwa wagonjwa na waliowasindikiza. Nyuma, pembeni mwa chumba cha kufulia, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Humo ndimo Soma Kwanza aliishi na mama yake, ambaye upande wa kushoto wa mwili ulikuwa umelegea tangu apigwe na kiharusi. Nyumba ilikuja na kazi. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo. Hilo kila mtu alilijua, na halikuandikwa popote.

Yule mzee wa mbao alipofariki, mwanawe alishika usukani. Wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo. Alikuwa amekulia pale pale. Alikuwa akija kaunta na sare za shule kuomba peremende, na tangu wakati huo alimwita mpokezi Shangazi.

Ijumaa moja mchana aliingia nyuma ya kaunta, simu mkononi. Maonyesho makubwa ya mashine yalikuwa yamehamishiwa mji ule ghafla, na kila kitanda kilikuwa kinatafutwa.

"Shangazi, fungua wiki ijayo."

Akafungua kwenye kompyuta. Kulikuwa na nafasi tisa zilizokwisha thibitishwa.

"Zote hizi kwa thelathini na tano?"

"Ndiyo bei tuliyowaambia. Kila mmoja ana uthibitisho, na kila mmoja amelipia usiku wa kwanza."

"Jirani hapo anatoza elfu tisini. Tisini, Shangazi! Na ana kunguni."

"Kunguni ni wake na bei ni yake."

Bosi Mdogo alicheka, akavuta kibodi upande wake, akaanza kubadilisha namba moja baada ya nyingine. Mpokezi alitazama thelathini na tano zikigeuka tisini, mara tisa.

"Wakiuliza," alisema, "mfumo ulikosea."

"Basi niwapigie simu leo hii. Wakikataa, wapate kutafuta kwingine mapema, na tuwarudishie walichotanguliza."

"Usimpigie mtu. Ukimpigia atakwenda kwingine. Akishakuwa hapa na mabegi yake, na mji umejaa, atakwenda wapi? Atasaini. Akisaini, amekubali mwenyewe. Hata mwanasheria hana la kusema."

"Na hawa wa hospitali?"

"Hao ndio kabisa. Mgonjwa hazunguki mji kutafuta chumba."

Maneno hayo yalisemwa na mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi, kwa sauti ya chini, huku akitafuna peremende. Maovu mengi ya biashara husemwa hivyo hivyo, bila makelele, na ndiyo maana hupita.

"Mimi hilo siliwezi," alisema mpokezi.

"Huliwezi, au hulitaki?" Bosi Mdogo alirudisha kibodi mahali pake. "Kuna mtu anaitaka ile nyumba ya nyuma aifanye stoo ya dawa. Nimemwambia asubiri, humo anaishi shangazi yangu na mama yake mgonjwa. Usinifanye nimwambie njoo."

Jioni ile alikwenda kumsaidia mfua mashuka kukunja. Mfua mashuka alikuwa mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, aliyekuwa amewahi kufanya kazi katika hoteli nne na kufukuzwa tatu. Alisikiliza kisa chote huku akivuta ncha zake mbili za shuka.

"Mwenzangu, wewe umepewa bei, mimi nimepewa madoa," alisema. "Nikiambiwa doa hili la chai, naandika chai kwenye daftari."

"Hata likiwa la damu?"

"Hata likiwa la damu. Wanangu hawashibi ukweli. Vuta vizuri huko, unalipinda."

"Wewe unaona niwasainishe tu?"

"Asaini yeye! Wewe si unampa kalamu tu? Kalamu haijawahi kuua mtu." Alilipigapiga shuka kwa kiganja. "Mama yako ukimtoa hapa utampeleka wapi? Kwa dada yako mwenye chumba kimoja na watoto watano? Fikiri."

Akafikiri. Alifikiri Jumamosi yote na Jumapili yote, na kila alipofikiri alimwona mama yake akishuka ngazi za kwa dada yake, ngazi ishirini na mbili zisizo na pa kushika.

Jumatatu asubuhi alifika wa kwanza katika wale tisa, muuza pampu za maji aliyekuja kwenye maonyesho kwa siku nne. Alikuwa amesafiri tangu jana yake, jasho limemkauka usoni, na kifuani amekumbatia sanduku kubwa.

"Habari ya kazi, dada. Huyu ni mke wangu wa pili," alisema akilitua sanduku juu ya kaunta. "Mzito kuliko wa kwanza, lakini hasemi."

"Karibu. Pole na safari."

"Nimepoa. Nipe nisaini nikalale kabla sijaanguka hapa."

Bosi Mdogo hakuwapo. Alikuwa amekwenda benki. Hakuna aliyemsimamia mpokezi, wala aliyemwangalia. Fomu ilikuwa mezani, bei iko mahali pake, elfu tisini. Ufunguo wa chumba ulikuwa na kibao cha mbao kilichochorwa namba, kipana kama kiganja cha mtoto. Akauweka ufunguo juu ya fomu. Kibao kikafunika mstari wa bei. Kisha akampa kalamu.

Muuza pampu alisaini, akachukua ufunguo, akapandisha ngazi na sanduku lake. Jambo lote halikuchukua dakika moja.

Alasiri alishuka kuomba taulo. Mkononi alikuwa na nakala ya fomu.

"Dada, hii tisini ni ya nini?"

"Ya chumba. Kwa usiku."

"Si uliniambia thelathini na tano? Wewe mwenyewe, kwenye simu. Ukairudia mara mbili kama mwalimu."

Alikuwa na majibu mengi aliyoyaandaa tangu Ijumaa. Likatoka moja tu.

"Umesaini."

Muuza pampu aliitazama saini yake, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kweli, nimesaini. Basi nimejifunga kamba kwa mkono wangu." Akachukua taulo, akapanda. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Usiku huo mama yake alimtazama akizungusha kijiko kwenye sahani. "Mbona umekaa kama uliyemeza kidonge bila maji?"

"Kazi tu, mama."

"Kazi haikuanza leo."

Akaisukuma sahani, akaenda kumtandikia mama yake kitanda.

Jumanne saa nne asubuhi teksi ilisimama mlangoni. Akashuka mwanamume mfupi aliyevaa miwani, futi ya kushonea bado inaning'inia shingoni, ameisahau. Alikuwa fundi cherehani. Akamshusha mkewe taratibu, akamketisha kwenye kochi la mapokezi. Mke alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na magotini ameshika bahasha kubwa ya kaki ya hospitali. Saa sita alitakiwa awe ndani ya lango la ng'ambo kwa siku ya kwanza ya matibabu ya mionzi. Wiki tatu za matibabu, usiku ishirini hotelini. Miezi saba walikuwa wakidunduliza.

Safari hii Bosi Mdogo alikuwapo. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kaunta, na alikwisha kuiweka fomu tayari, kalamu yake mwenyewe juu yake.

"Karibu sana, baba. Pole kwa mgonjwa. Weka saini hapo, mgonjwa akapumzike."

Fundi alichukua kalamu. Aliinama juu ya fomu, midomo ikicheza kidogo, kidole kikitembea mstari hadi mstari. Soma Kwanza alikitazama kile kidole. Katika miaka kumi na saba alikuwa amewaona watu wa namna hiyo wengi. Kidole cha msomaji husimama kwenye jambo. Hiki kilipita juu ya yote kwa mwendo mmoja, kama mtu anayefuta vumbi.

Ncha ya kalamu ikagusa karatasi.

Mpokezi akaweka kiganja chake juu ya fomu. "Soma kwanza."

"Nimeshasoma," alisema fundi.

"Nisomee kwa sauti."

"Shangazi," alisema Bosi Mdogo, bila kuacha kutabasamu, "mgeni amechoka."

"Naona amechoka. Asome tu mstari mmoja."

Uso wa fundi uliiva. Alimtupia jicho mkewe pale kochini, kisha akainama mpaka paji la uso likakaribia la mpokezi. "Dada," alinong'ona, "usinivue nguo mbele ya mke wangu. Herufi sizijui."

"Na namba?"

Fundi akanyooka. Hilo lilimuudhi kidogo. "Namba? Namba ndizo zinazonilisha! Kiuno, bega, urefu wa suruali. Sijawahi kukosea namba tangu nishike mkasi."

Akaondoa kiganja. "Basi nisomee hiyo hapo."

Fundi aliisoma kimya, akaisoma tena. Mkono wake ukapanda wenyewe kwenye futi shingoni.

"Tisini," alisema kwa sauti. "Elfu tisini. Hii si yetu."

"Ndiyo bei, baba," alisema Bosi Mdogo. "Ile mliyopewa mwanzo lilikuwa kosa la mfumo. Kompyuta hizi, unajua tena. Tunasikitika sana."

"Uthibitisho ninao," alisema mke kutoka kochini. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Alitoa karatasi ndani ya bahasha ya kaki, akaisoma: jina lao, chumba cha chini, usiku ishirini, elfu thelathini na tano kwa usiku, usiku wa kwanza umelipwa.

"Huo ni wa zamani, mama."

"Una wiki tatu tu. Hata maziwa ya unga hayaharibiki kwa wiki tatu, sembuse neno la mtu."

Fundi alikuwa akipiga hesabu, macho darini. "Kwa bei hii tunalala usiku saba," alisema. "Wa nane haufiki. Sasa siku ya nane nimtoe kwenye mashine nimrudishe nyumbani nusu?" Akamgeukia mpokezi. "Dada, aliyetuwekea chumba ni wewe. Sauti naijua. Mke wangu aliweka simu kwenye spika, nikasikia kwa masikio haya. Sasa niambie. Ulikosea?"

Hapo palikuwa na mahali pa kuponea. Neno "ndiyo" lingetosha. Lingebakiza nyumba, lingebakiza mshahara, na mama yake angelala usiku ule kwenye kitanda chake. Hata fundi mwenyewe asingemchukia. Nani hajawahi kukosea? Friji ya vinywaji ilikuwa ikiunguruma pembeni. Watu wawili waliokuwa wakiingia mlangoni walisimama. Bosi Mdogo alikuwa ameacha kutafuna.

"Mjibu mgeni, Shangazi," alisema.

"Hakuna aliyekosea," alisema Soma Kwanza. "Si mimi, wala kompyuta. Nilikwambia thelathini na tano na ndiyo iliyokuwa bei. Imebadilishwa Ijumaa, mkiwa mmekwisha kulipia usiku wa kwanza, kwa sababu mji umejaa."

"Shangazi!"

"Mlichokubaliana ni mapatano. Hoteli haina haki ya kuyabadili peke yake, wala hamna wajibu wa kulipa zaidi. Usiisaini hii fomu. Huo uthibitisho usimpe mtu akushikie, hata mimi. Wakiwanyima chumba, ofisi ya malalamiko ya walaji iko nyuma ya posta, ghorofa ya kwanza." Alifungua droo, akatoa ufunguo wa chumba cha chini, akauweka mkononi mwa fundi. "Mpeleke akalale. Saa sita si mbali."

"Na mimi je?"

Ilikuwa sauti ya muuza pampu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, sanduku lake kifuani, na ilionekana alikuwa amesimama hapo muda.

"Mimi jana hukuniambia nisome, dada. Mimi ulinipa kalamu."

Fundi alimtazama mpokezi. Mkewe alimtazama. Hata wale wawili wa mlangoni walimtazama.

"Kweli," alisema. "Wewe niliifunika bei kwa kibao cha ufunguo. Makusudi."

Bosi Mdogo alikuwa mtu wa hesabu, na alijua kuhesabu macho. Mlangoni sasa walikuwa wanne, na mmoja alikuwa ameinua simu. "Huyu mpe chumba chake kwa bei yake," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, chini zaidi: "Na ile nyumba ya nyuma, nataka funguo zake Ijumaa."

Fundi na mkewe walilala usiku wote ishirini kwa thelathini na tano. Wale saba waliosalia walipigiwa simu siku ile ile na kuambiwa bei yao ni ile ile ya mwanzo. Bosi Mdogo aliwapigia mwenyewe. Lakini muuza pampu alitozwa tisini kwa usiku, siku zote nne, kwa sababu fomu yake ilikuwa na saini. Akalipa, akaenda nyuma ya posta kulalamika.

Ofisa wa malalamiko alikuwa binti mdogo kwa umri lakini mkavu kwa kazi. Alimwita Soma Kwanza kutoa maelezo. Wakati huo mpokezi alikuwa amesimamishwa kazi bila barua, na amekwisha kuhamia kwa dada yake. Mama yake walimpandisha zile ngazi ishirini na mbili kwa kiti, wanaume wawili mbele na mmoja nyuma.

"Mama, naomba tuelewane kabla hujaandika," alisema ofisa. "Ukiandika kwamba mgeni hakusoma, hilo ni jambo jepesi. Ukiandika kwamba wewe uliifunika bei kwa makusudi, hoteli itageuka na kusema mdanganyifu alikuwa wewe. Wanaweza kukufukuza kwa utovu wa uaminifu. Ukifukuzwa hivyo, kiinua mgongo huna."

"Nikiandika lile jepesi, yeye atarudishiwa pesa zake?"

"Huenda. Huenda asirudishiwe. Saini ni yake."

"Na nikiandika hili la pili?"

"Atarudishiwa."

Mfua mashuka, aliyemsindikiza na kukaa kwenye benchi karibu na mlango, hakuweza kuvumilia. "Andika lile jepesi, mwenzangu! Kwani ni uongo? Si kweli hakusoma?"

"Ni kweli," alisema Soma Kwanza.

"Basi!"

"Ni kweli kama doa la damu lilivyoandikwa chai."

Mfua mashuka aligeukia mlango.

Soma Kwanza akaandika. Aliandika siku, saa, namba ya chumba, na kwamba bosi hakuwapo. Hilo la mwisho ofisa hakumwuliza. Angeweza kuliacha, na watu wangeamini kwamba alilazimishwa. Hakuliacha, kwa sababu halikuwa hivyo. Alitishwa Ijumaa, lakini Jumatatu alikuwa peke yake, na mkono uliosogeza ule ufunguo ulikuwa wake.

Hoteli iliamriwa kurudisha ziada yote iliyotozwa. Juma lililofuata barua ya kufukuzwa ilimfikia Soma Kwanza, na ndani yake yalinukuliwa maelezo yake mwenyewe, neno kwa neno. Aliomba kazi katika hoteli tatu za mji ule. Mbili zilimwuliza sababu ya kuondoka, akawaambia. Ya tatu haikumwuliza, ilikuwa imekwisha kusikia. Sasa anapiga pasi kwenye duka la dobi, kwa kibarua cha siku.

Muuza pampu alirudishiwa laki mbili na elfu ishirini. Ile dakika moja ya Jumatatu ilimgharimu Soma Kwanza kiinua mgongo cha miaka kumi na saba. Kusema kweli siku ya Jumanne kulimgharimu kazi na nyumba. Mama yake hajashuka zile ngazi tangu alipopandishwa.